Bakteria wa udongo dhidi ya kuoza mizizi ya maharagwe: mwongozo kamili kwa mkulima wa Nairobi na viunga vyake

Swali hili linarudi kila msimu, kutoka Ruai hadi Kikuyu: "Nilinunua dawa ya bakteria, nikapaka mbegu kama nilivyoelezwa, na bado maharagwe yakaoza mizizi. Niliuziwa hewa?"

Huenda hukuuziwa hewa. Ukimwomba mtu aeleze alichofanya tangu dukani hadi shambani, kosa hujitokeza mahali pamoja kati ya matatu. Bakteria walifia kwenye beseni kabla mbegu haijagusa udongo. Au walifika shambani ugonjwa ukiwa umeshaingia mzizini. Au kilichoua maharagwe si ugonjwa ambao bakteria wanauweza. Hilo la kwanza ndilo limeenea kuliko yote, na linauma, kwa kuwa mtu ametoa pesa na jasho lake na hakuna kitu kinachomwonyesha alipokosea.

Kabla ya kununua chochote, shika jambo hili: bakteria hawa hukinga, hawatibu. Mzizi mchanga wa haragwe ni kama ploti mpya ya nyumba za kupanga, anayewahi ndiye anayepata chumba. Bakteria wa dawa hii, Bacillus au Pseudomonas, akiwahi, anakalia ngozi ya mzizi, anakula sukari inayovuja kutoka ndani yake, anatoa kemikali zinazozuia kuvu kukua, na anauamsha mmea wenyewe ujenge kinga. Kuvu akiwahi, hakuna bakteria wa kumtoa. Kwa hiyo karibu kazi yote iliyo hapa chini inafanyika kabla ya kupanda na siku ya kupanda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mbegu safi za maharagwe ambazo hazijapakwa dawa
- Bidhaa ya Bacillus subtilis au Pseudomonas fluorescens iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu (PCPB)
- Maji ya mvua, au maji ya mfereji yaliyolala wazi saa 24
- Gamu arabiki, au sukari ya kawaida
- Beseni la plastiki ambalo halijawahi kubeba dawa
- Mizani ndogo ya jikoni na kijiko cha mezani
- Gunia safi au turubai, na mahali penye kivuli
- Glavu na barakoa
- Samadi au mboji iliyoiva
- Vijiti na kamba za kutenga mistari ya kulinganisha

Vijiti hivyo vya mwisho ndivyo watu huviacha. Usiviache. Bila mistari isiyopakwa bakteria hutajua kamwe kama pesa yako ilifanya kazi, na msimu ujao utarudi kuuliza swali lilelile.

## Hatua ya 1: Ng'oa mimea uangalie kinachoiua

Fanya hivi kwenye zao lililo shambani sasa, au kwenye mabaki ya msimu uliopita. Usivute mmea kwa mkono, maana mizizi iliyooza itabaki chini. Chimba kwa jembe au panga, inua mmea na udongo wake, kisha uoshe mizizi taratibu ndani ya ndoo. Chukua mimea kadhaa, ikiwemo ile inayoanza tu kunyauka. Mmea uliokufa zamani umeshaingiwa na vimelea vya kila aina na hauelezi chochote.

Sasa soma mzizi.

Mistari myekundu kwenye mzizi mkuu, inayogeuka kahawia. Huyu ni Fusarium. Mara nyingi mmea hujaribu kujiokoa kwa kutoa mizizi mipya juu kidogo ya palipooza. Bakteria husaidia.

Uozo laini, wenye maji, na miche inayoanguka ghafla baada ya mvua nyingi. Huyu ni Pythium, na udongo mweusi wa Embakasi, Kitengela na Athi River ni makao yake kwa sababu hushikilia maji. Bakteria husaidia, lakini maji yasipotoka shambani hawatashinda.

Kidonda kilichobonyea, chekundu-kahawia, pale shina linapokutana na udongo. Huyu ni Rhizoctonia. Hushambulia viazi pia, kwa hiyo anayepanda maharagwe mara tu baada ya kuvuna viazi kule Limuru anamwandalia chakula. Bakteria husaidia.

Nyuzi nyeupe shinani zenye vidonge vidogo vya kahawia vinavyofanana na mbegu za haradali. Huyu ni Sclerotium. Vidonge hivyo hukaa udongoni miaka mingi. Usimtegemee bakteria peke yake. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, utoe nje ya shamba, na upande mahindi hapo.

Halafu kuna mambo mawili yanayofanana na kuoza mizizi, na ambayo bakteria hawa hawatayamaliza.

La kwanza ni inzi wa maharagwe. Pasua shina karibu na udongo kwa ukucha. Ukiona limevimba na kupasuka, na chini ya ganda kuna vifuko vidogo vya kahawia vyenye umbo la pipa, hao ni watoto wa inzi. Wakulima wengi karibu na Nairobi wanapigana na kuvu huku inzi ndiye aliyefungua mlango. Jeraha lake ndilo linalomwingiza Fusarium, kwa hiyo mpambane na inzi kwanza: panda mapema mvua ikianza, na upandishie udongo shinani ili mmea uote mizizi mipya.

La pili ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi. Uvimbe wake ni sehemu ya mzizi wenyewe, ukiuvuta unavunja mzizi. Usiuchanganye na vinundu vya naitrojeni, ambavyo huulisha mmea, vimeshikiliwa kando ya mzizi na hubanduka kwa kidole. Kata kinundu katikati: kikiwa na rangi ya waridi kinafanya kazi. Nimeona watu waking'oa maharagwe mazuri kabisa kwa kudhani vinundu ni ugonjwa.

Ukikamilisha hatua hii unapaswa kuweza kumtaja adui kwa jina. Kama huwezi, peleka mimea ikiwa mibichi, pamoja na udongo wake, kwa afisa wa kilimo wa wadi au kwenye maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete. Usinunue kitu kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Nunua bakteria wanaofaa, na wafike nyumbani wakiwa hai

Kwenye rafu ya agroveti vitu vitatu hukaa bega kwa bega na watu huvichanganya.

Rhizobium, kama vile Biofix iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, huingia mzizini na kuutengenezea mmea naitrojeni kutoka hewani. Ni kitu kizuri sana na ninakipendekeza, lakini kazi yake ni chakula. Ukiinunua kwa ajili ya kuoza mizizi umenunua kisichohusika. Na hakikisha pakiti imeandikwa ya maharagwe, maana ya soya haitaunda vinundu kwenye maharagwe.

Trichoderma ni kuvu mzuri anayekula kuvu wabaya. Anafaa, ila si bakteria, na dawa nyingi za ukungu zitamuua.

Unaowatafuta hapa ni Bacillus subtilis au Pseudomonas fluorescens. Kwa wengi wenu nashauri Bacillus. Sababu ni hii: Bacillus hujifunga ndani ya kigamba kigumu, na akiwa humo anastahimili ukavu na joto ambavyo vingemmaliza bakteria wa kawaida. Akikutana na unyevu na chakula cha mzizi, anaamka. Pseudomonas hana kigamba hicho. Anakalia mizizi kwa kasi na hustahimili baridi ya Limuru na Tigoni vizuri zaidi, lakini pakiti yake ikishinda kwenye buti ya gari juani Thika Road, umebeba unga mtupu.

Soma lebo kabla ya kulipa. Lazima iwe na jina kamili la bakteria na straini (aina ndogo) yake, idadi ya bakteria hai iliyoandikwa CFU (tafuta angalau milioni 100 kwa gramu, yaani 1 × 10⁸), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili ya PCPB. Chupa iliyoandikwa "bakteria wazuri" tu bila jina, iache palepale.

Kisha muulize mwenye duka bila haya: "Mama, hii mmeiweka wapi tangu ifike?" Kama ilikuwa juu ya rafu inayogusa mabati, au dirishani, nenda duka lingine. Beba pakiti ndani ya mfuko wenye kivuli, na nyumbani uiweke mahali pakavu na baridi. Rhizobium na Pseudomonas wakae kwenye friji, sehemu ya mboga, si kwenye friza.

Kuna wanaozidisha bakteria nyumbani kwa molasi na maji ya mchele ili pakiti moja itoshe mashamba matano. Naelewa kwa nini, bei si ndogo. Lakini bila usafi wa maabara, anayezaliana kwenye mtungi ule ni yeyote aliyeingia, wakiwemo bakteria wanaomtia binadamu ugonjwa wa tumbo. Mtungi unanuka, unatoa povu, na humo huenda hakuna hata chembe ya ulichonunua.

## Hatua ya 3: Tengeneza udongo miezi miwili kabla

Hatua hii haina maajabu, lakini ikirukwa zilizobaki hazina nguvu.

Maji kwanza. Kwenye udongo mweusi inua matuta ya sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake. Chimba shimo dogo baada ya mvua kubwa: maji yakiwa bado yamesimama humo kesho yake, tuta ni la lazima.

Kwenye udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Kiambu tatizo huwa ni uchachu. Maharagwe hupenda pH ya kama 6 hadi 7, na bakteria wetu pia. Pima udongo kabla ya kumwaga chokaa, na chokaa ikihitajika iwekwe mapema ili ipate muda wa kufanya kazi.

Usirudie maharagwe pale pale. Misimu miwili ya mahindi, vitunguu au sukuma wiki hupunguza vimelea vinavyosubiri. Mabaki ya maharagwe yaliyooza yasifukiwe shambani.

Samadi iwe imeiva: haina joto, hainuki, huwezi kutambua nyasi iliyotoka. Samadi mbichi huleta nzi na kumlisha Pythium.

## Hatua ya 4: Chagua mbegu

Maharagwe ya sokoni Nyamakima ni ya kupika githeri, si ya kupanda. Yamechanganywa kutoka mashamba mengi, na baadhi ya magonjwa, hasa chule na madoa ya bakteria ya majani, husafiri ndani ya punje. Bakteria unayempaka nje ya mbegu hamfikii adui aliye ndani.

Nunua mbegu zilizothibitishwa, zenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua ubora wa mbegu. Kwangua stika hiyo na utume namba kwa ujumbe mfupi kama ilivyoelekezwa hapo kwenye stika, upate jibu kama mbegu ni halali. Rosecoco, Mwitemania, Canadian Wonder na aina mpya za KALRO hupatikana hivyo. Kama unatumia mbegu zako za nyumbani, keti nazo juu ya sinia na utoe kila punje iliyokunjamana, yenye doa, iliyotobolewa au yenye rangi ngeni.

Sasa pana mtego. Mbegu nyingi za pakiti huja zimepakwa dawa, na utazitambua kwa rangi kali isiyo ya maharagwe. Bacillus huvumilia baadhi ya dawa hizo, Rhizobium huzivumilia kidogo sana, na dawa yenye shaba inaweza kuwadhuru wote wawili. Kama mbegu yako ina rangi, usiipake bakteria. Badala yake peleka bakteria kwenye mfereji wa kupandia pamoja na samadi, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 7.

Jaribu uotaji: punje 100 ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine.

## Hatua ya 5: Maji

Ndoo ya maji ya mfereji ndiyo kaburi la bakteria wengi Nairobi. Maji yanayotoka mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu hutiwa klorini ili yasitudhuru, na klorini haibagui bakteria mbaya na mzuri.

Tumia maji ya mvua. Kama huna, jaza beseni pana lisilo na kifuniko siku moja kabla na uyaache saa 24, klorini itapaa. Jeriken yenye mdomo mwembamba haifai, hewa haipiti. Maji ya kisima ni sawa kama hujayatia dawa ya kusafishia.

Yawe ya baridi ya kawaida, si ya kuchemshwa yakiwa bado moto.

## Hatua ya 6: Kupaka mbegu

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo nenda polepole. Fanya jioni ya kuamkia siku ya kupanda au asubuhi ileile, kivulini, ukiwa umevaa glavu na barakoa. Unga huu hauna sumu ya kemikali kali, lakini hakuna anayepaswa kuuvuta kifuani, na mwenye kinga dhaifu ya mwili amwachie mwingine kazi hii. Watoto wakae mbali.

Vipimo vifuatavyo ni vya gorogoro moja, yaani karibu kilo 2 za mbegu. Bidhaa nyingi za unga hutaka gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya mbegu. Lebo yako ikisema tofauti, fuata lebo.

Kwanza, osha beseni. Maji na sabuni, kisha suuza mara tatu. Kama beseni limewahi kubeba dawa ya ukungu, usilitumie hata baada ya kuliosha.

Pili, tengeneza gundi. Tumia gamu arabiki kama ilivyoelekezwa kwenye pakiti. Ukikosa, koroga gramu 10 za sukari ndani ya mililita 100 za maji uliyoandaa. Gundi inashikiza bakteria kwenye ngozi ya mbegu, na sukari inawapa chakula cha kuanzia. Bila gundi unga unakauka, unapukutika, na kubaki chini ya gunia.

Tatu, lowesha mbegu kidogo sana. Mimina mbegu beseni, nyunyiza vijiko viwili vya mezani vya gundi, na ugeuze kwa mkono hadi kila punje ing'ae. Zikibaki kavu ongeza nusu kijiko. Usiziloweke. Ngozi ya haragwe ni nyembamba: ikinywa maji ghafla inakunjamana na kupasuka, na ufa huo ni mlango wa Pythium. Nimeona mbegu zilizopakwa vizuri zikioza kwa sababu hii moja tu, na lawama ikaenda kwa bakteria.

Nne, nyunyiza unga. Gramu 10 hadi 20 kwa gorogoro, kidogo kidogo kama unavyotia unga kwenye uji, huku ukigeuza. Usisugue punje, zipindue tu. Acha kugeuza punje zote zikiwa na vumbi jepesi sawasawa. Zikishikana mabonge, umetia maji mengi, tandaza zipate hewa. Unga ukibaki chini ya beseni, gundi ilikuwa kidogo.

Tano, Rhizobium awe wa mwisho. Kama lebo zote mbili zinaruhusu mchanganyiko, mpake Rhizobium juu ya Bacillus, asubuhi ya kupanda. Huyu hana kigamba na anakufa haraka mbegu ikikauka.

Sita, anika kivulini. Tandaza kwenye gunia safi kwa nusu saa hivi, hadi punje zisishikamane. Kamwe si juani. Miale ya jua la saa saba mchana inaua bakteria walio wazi, na mabati ya moto yanamaliza waliosalia.

Punje nzuri ikiwa tayari ni kavu kwa kugusa, nzima, haijakunjamana, na ina vumbi jembamba lisilotoka ukiipuliza. Ikiwa hivyo, umevuka sehemu ngumu zaidi ya kazi yote.

## Hatua ya 7: Kupanda

Panda siku ileile, au asubuhi inayofuata kama ulipaka jioni. Udongo uwe na unyevu, asubuhi mapema, alasiri au siku ya mawingu. Ukipanda kwenye vumbi kavu ukisubiri mvua, Bacillus anaweza kungoja lakini Rhizobium hawezi.

Nafasi: sentimita 50 kati ya mistari, sentimita 10 kati ya punje, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwenye udongo mweusi baki kwenye 3. Kadiri mche unavyochelewa kutoka, ndivyo Pythium anavyopata muda.

Mbolea ya DAP isiguse mbegu. Chumvi yake inachoma mzizi mchanga na kukausha bakteria uliowahangaikia. Weka mbolea kwenye mfereji, ifunike kwa udongo wa sentimita 5, ndipo uweke mbegu.

Kwa mbegu zenye rangi, au kama shamba lilioza vibaya msimu uliopita, ongeza bakteria kwenye samadi: kilo moja ya bidhaa ndani ya gunia la samadi iliyoiva yenye unyevu, kama lebo inaruhusu. Changanya kivulini, sambaza chini ya mfereji, funika siku hiyo hiyo.

Sasa zile kamba. Panda mistari mitatu kwa mbegu zisizopakwa kitu, katikati ya shamba, si pembeni wala penye bonde. Ipande kabla hujagusa mbegu zilizopakwa, ama sivyo mikono yako itahamisha bakteria. Weka vijiti na uandike tarehe.

Mwezi wa Julai Nairobi ni baridi na miche hutoka taratibu. Kama unaweza kuchagua, subiri mvua za vuli za Oktoba au masika ya Machi.

## Hatua ya 8: Kumwagilia shinani

Siku 10 hadi 14 baada ya miche kutoka, mizizi imepita pale ulipopaka. Kumwagilia bakteria shinani kunaifuata.

Piga hesabu kwanza. Mililita 50 kwa mmea ni lita 5 kwa mstari wa mita 10. Pampu ya mgongoni ya lita 20 inamaliza mistari minne. Kwa bustani ya nyumbani, magunia ya mboga, au robo ya ploti, hiyo ni kazi ya jioni moja. Lakini ekari ina karibu mimea 80,000 kwa nafasi hii, yaani lita 4,000, pampu 200. Usijaribu. Kwenye ekari, mwagilia sehemu zile tu zilizokuwa na ugonjwa msimu uliopita, na tegemea mbegu na mfereji kwa kwingine.

Toa nozeli ili maji yashuke kama uzi. Elekeza kwenye udongo, jioni, udongo ukiwa na unyevu. Kama pampu ilibeba dawa ya shaba, isuuze mara tatu na uache maji ndani usiku mmoja kabla ya kusuuza tena. Afadhali kutumia kopo lililotobolewa kuliko pampu usiyoijua historia yake.

Baada ya hapo usipulize dawa ya shaba wala ya kuua bakteria kwa wiki mbili hivi. Kufanya hivyo ni kulipia kitu na kukiua mwenyewe.

## Hatua ya 9: Pima kama imefanya kazi

Usitafute majani ya kijani yanayong'aa kesho yake. Tafuta haya:

Siku ya 10, hesabu miche kwenye mita 10 za mstari uliopakwa na mita 10 za mstari usiopakwa. Tofauti ya kwanza huonekana hapa, kwenye miche iliyotoka na kusimama.

Wiki ya tatu au ya nne, chimba mimea 10 kila upande na uoshe. Kwenye mistari iliyopakwa unataka mizizi mingi myeupe, mzizi mkuu mgumu usio na michirizi, na vinundu vya waridi kama ulitumia Rhizobium. Madoa machache yanaruhusiwa. Bakteria hupunguza ugonjwa, hawaufuti.

Wakati wa kuvuna, pima kwa mizani maharagwe makavu ya urefu sawa wa mstari kila upande. Andika.

Kama hakuna tofauti na mistari yote miwili ni mizima, basi msimu huu ugonjwa haukuja kwa nguvu, na huwezi kulaumu wala kusifu bidhaa. Kama yote miwili imeoza, rudi nyuma kwa mpangilio huu: maji yalisimama? Mbegu zilipasuka? Maji yalikuwa na klorini? Pakiti ilikaa wapi? Na pasua mashina tena utafute inzi.

## Vipi kuhusu magonjwa ya majani?

Kwa kutu na madoa ya majani, Bacillus anaweza kupulizwa juu, lakini ni kazi tofauti: kuanza kabla ya dalili, kurudia kila siku 7 hadi 10, jioni, na tena baada ya mvua kubwa. Anayelima mishiri ya kuuza nje atapata faida zaidi hapa, kwa sababu bakteria hawaachi mabaki ya kemikali kwenye ganda. Kwa maharagwe ya kawaida, mbegu safi na kutoingia shambani majani yakiwa na umande kutakusaidia zaidi kwa gharama ndogo.

## Kilichobaki

Mbegu zilizopakwa zisipikwe wala zisipewe kuku. Zipande mahali pengine siku hiyo, au zifukie. Pakiti iliyofunguliwa ikunje hewa itoke, uifunge kwa tepu, andika tarehe uliyoifungua, na uirudishe mahali baridi. Bacillus wa unga aliyefungwa vizuri anaweza kukusubiri hadi msimu ujao kama tarehe ya lebo haijapita. Rhizobium aliyefunguliwa asisubiri, mtumie wote wiki hiyo au umgawie jirani anayepanda.